Diski Hurudufiwa, Leseni Hairudufiwi: Funguo za Mfumo Endeshi katika Ofisi za Kibondo na Kasulu

Kazi za ofisi za umma katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibondo hadi halmashauri mbili za Kasulu, ile ya wilaya na ile ya mji, zimehamia kwenye kompyuta kwa kiasi ambacho umeme ukikatika hata mlipaji ushuru hulazimika kusubiri. Mapato hukusanywa kupitia mfumo wa TAUSI, ununuzi hufanyika kupitia NeST, bajeti hupangwa katika PlanRep, fedha za shule na zahanati huandikwa katika FFARS, na hospitali hutunza kumbukumbu za wagonjwa katika GoT-HoMIS. Pamoja na halmashauri hizo kipo Chuo cha Ualimu Kasulu, zipo shule za sekondari, na yapo mashirika ya misaada yaliyofungua ofisi katika wilaya hizo kwa sababu ya kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, na kila taasisi kati ya hizo ina chumba au kona ambamo kompyuta zinazofanana zimepangwa kwa safu.

Kompyuta za namna hiyo aghalabu huja kwa mafungu, kumi au thelathini kwa mara moja, iwe kwa zabuni au kwa msaada, na si rahisi kwa ofisa TEHAMA mmoja kuziandaa moja baada ya nyingine. Kazi ambayo mafundi huiita kupiga Windows, yaani kuweka mfumo endeshi, ambao ni programu kuu inayotawala kompyuta yote na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, huchukua saa kadhaa kwa mashine moja mtu anapojumlisha masasisho, programu za ofisi, kinga ya virusi na mipangilio ya printa. Kwa hiyo hutumika njia ya mkato ya kurudufu: kompyuta moja huandaliwa hadi ikamilike, kisha sura yote ya diski yake huhifadhiwa kama faili moja kubwa na kumwagwa kwenye diski za kompyuta nyingine. Programu huria ya Clonezilla, iliyotengenezwa na kituo cha taifa cha kompyuta cha Taiwan, hufanya kazi hiyo bila malipo, na inaweza kuzimwagia kompyuta nyingi sura hiyo kwa pamoja kupitia mtandao wa ndani.

Ugumu huanzia kwenye leseni, kwa kuwa kurudufu huhamisha kila kilichomo ndani ya diski, pamoja na ufunguo wa mfumo endeshi, ilhali haki ya kutumia mfumo huo haimo ndani ya diski na kwa hiyo haihami. Suala hili limekuwa la haraka zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, hali inayozilazimu ofisi nyingi kuziandaa upya kompyuta zao kwa Windows 11 au kutafuta mfumo mwingine.

Ufunguo, uamilishaji na leseni

Maneno matatu huchanganywa mara kwa mara katika mazungumzo ya ofisini, na mchanganyiko huo ndio mzizi wa makosa mengi. Leseni ni ruhusa ya kisheria ya kutumia programu kwa masharti fulani, na ushahidi wake ni mkataba, ankara na stakabadhi za ununuzi. Ufunguo ni mfuatano wa alama 25, zilizogawanywa katika mafungu matano yenye alama tano tano, ambao huingizwa katika kompyuta ili mfumo ujue ni aina gani ya leseni inayodaiwa kuwapo. Uamilishaji, ambao mafundi huuita kuaktiveti, ni hatua ambayo kompyuta huuwasilisha ufunguo huo pamoja na muhtasari wa vifaa vyake ili ukubaliwe, na Microsoft iliuingiza katika Windows kuanzia Windows XP mwaka 2001.

Anayeutazama ufunguo wa Windows kwa makini huona kwamba umeundwa ili mwanadamu asikosee anapounakili kwa mkono. Irabu A, E, I, O na U hazimo, wala tarakimu 0, 1 na 5, kwa kuwa sifuri hufanana na O, moja hufanana na I, na tano hufanana na S. Hivyo karani anayesoma stika iliyobanduka pembeni chini ya kompyuta mpakato na kudhani ameona sifuri, ajue kwamba alama hiyo huenda ni Q au D iliyofifia, kwa kuwa sifuri haimo kabisa katika ufunguo wa aina hiyo.

Kutokana na maelezo hayo ni dhahiri kwamba kompyuta inaweza kuwa na ufunguo bila kuwa na leseni, na inaweza hata kuamilishwa bila kuwa na leseni, kama ilivyo kwa mtu anayefungua mlango wa nyumba ya kupanga kwa ufunguo wa kuchongesha: kufunguka kwa mlango hakuthibitishi kwamba kodi imelipwa. Ofisi inayotegemea maandishi ya kwenye skrini kuwa ndiyo ushahidi wa uhalali wake itakosa la kujibu mkaguzi anapoomba stakabadhi.

Leseni za kiwandani, za dukani na za taasisi

Leseni inayopatikana kwa wingi zaidi ni ile ya kiwandani, maarufu kama OEM, ambayo huja na kompyuta mpya na kuhesabiwa kuwa sehemu yake. Zamani ufunguo wake uliandikwa kwenye stika iliyobandikwa kwenye kasha, na katika maeneo yenye vumbi jekundu kama Kasulu stika hizo hufutika mapema, lakini tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 watengenezaji wakubwa huuhifadhi ufunguo ndani ya kumbukumbu ya kudumu ya ubao mama, ambao ni bamba kuu lenye saketi zote za kompyuta. Faida yake ni kwamba diski ikifa na kubadilishwa, mfumo unapowekwa upya huusoma ufunguo huo wenyewe bila mtu kuandika chochote. Upungufu wake ni kwamba leseni hiyo huzikwa pamoja na ubao mama wake: ubao ukiungua kwa umeme uliopanda ghafla na kubadilishwa nje ya dhamana ya mtengenezaji, kompyuta huhesabiwa kuwa mpya na huhitaji leseni nyingine, wala leseni ya mashine iliyokufa haiwezi kuhamishiwa iliyo hai.

Ya pili ni leseni ya dukani, inayouzwa peke yake bila kompyuta, ambayo mwenye nayo anaweza kuihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine mradi aiondoe kwanza katika ile ya awali. Ofisi chache huihitaji, kwa kuwa ni ghali kuliko ya kiwandani na usimamizi wake huwa mgumu mashine zinapozidi tano au sita.

Ya tatu, na ndiyo yenye uzito katika mada hii, ni leseni ya taasisi, ambayo hununuliwa kwa mkataba mmoja kwa ajili ya kompyuta nyingi. Ina sharti ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kulisoma: leseni ya Windows ya taasisi huhesabiwa kuwa ya kupandisha daraja, yaani lazima kompyuta iwe tayari na leseni halali ya mfumo unaokubalika, kwa kawaida toleo la Pro. Kompyuta iliyonunuliwa ikiwa na toleo la Home, ambalo ni la matumizi ya nyumbani na huuzwa kwa bei nafuu zaidi, haikidhi sharti hilo, wala haiwezi kuunganishwa na seva ya ofisi inayodhibiti watumiaji. Kamati ya zabuni inayochagua bei ya chini bila kutazama neno hilo moja katika maelezo ya bidhaa huiachia taasisi gharama ya pili ambayo haikuwamo katika bajeti.

Leseni ya kiwandani nayo ina mipaka katika suala la kurudufu. Kwa masharti ya Microsoft, sura ya diski iliyotengenezwa kutokana na mfumo uliokuja na kompyuta moja kutoka kiwandani hairuhusiwi kumwagwa kwenye kompyuta nyingine, hata kama zote ni za aina moja na kila moja ina leseni yake. Taasisi inayotaka kurudufu inatakiwa kuwa na angalau leseni moja ya taasisi ya bidhaa hiyo, itengeneze sura hiyo kutokana na nakala ya mfumo inayotolewa kwa wenye mikataba hiyo, na ihakikishe kwamba toleo linalomwagwa ni lilelile ambalo kila kompyuta imelilipia kiwandani. Maana yake ni kwamba ofisi yenye kompyuta thelathini zilizokuja na Windows 11 Pro haihitaji kununua leseni thelathini nyingine ili izirudufu, bali inaweza kuipata haki hiyo kwa kununua leseni moja tu ya taasisi, jambo ambalo lingeziokolea fedha shule na halmashauri nyingi kama lingejulikana zaidi.

Ufunguo mmoja kwa kompyuta nyingi

Leseni ya taasisi huamilishwa kwa njia kuu mbili, na chaguo kati yake hutegemea jiografia ya ofisi kama linavyotegemea fedha. Njia ya kwanza, iitwayo MAK, hutumia ufunguo mmoja wenye idadi maalumu ya uamilishaji, mithili ya vocha yenye dakika zilizohesabiwa: kila kompyuta huwasiliana na Microsoft mara moja, kisha huwa imeamilishwa kwa kudumu. Hesabu hiyo hupungua kila mara na hairudi yenyewe, kiasi kwamba fundi anayeufuta na kuuweka upya mfumo wa kompyuta ileile mara nne huweza kutumia nafasi nne, na taasisi hulazimika kuomba iongezewe idadi.

Njia ya pili, iitwayo KMS, huweka seva moja ndani ya ofisi, ambayo huziamilisha kompyuta nyingine kupitia mtandao wa ndani bila kila moja kutafuta intaneti. Seva hiyo haianzi kutoa uamilishaji kwa kompyuta za kawaida hadi iwe imehesabu kompyuta 25 tofauti zilizoiomba, na uamilishaji wake hudumu siku 180, huku kila kompyuta ikijaribu kuuhuisha kila baada ya siku saba inapokuwa kwenye mtandao.

Tarakimu hizo mbili, 25 na 180, hutosha kuonyesha njia ipi inaifaa ofisi ipi. Makao makuu ya halmashauri yenye kompyuta nyingi katika jengo moja yanaweza kunufaika na seva ya ndani, hasa pale ambapo bando ni la kugawana. Kinyume chake, shule yenye kompyuta kumi kamwe haitafikia idadi inayotakiwa, na kompyuta mpakato ya ofisa anayekaa kata ya mpakani kama Mabamba, ambaye huenda asiunganishe mashine yake na mtandao wa makao makuu kwa zaidi ya miezi sita, itaanza kudai kuamilishwa ingawa leseni yake ni halali kabisa. Kwa shule hiyo na kwa ofisa huyo, MAK ndiyo inayofaa.

Madhara ya kurudufu bila maandalizi

Kila Windows inapowekwa hujitengenezea namba za utambulisho ambazo hazikusudiwi kufanana na za kompyuta nyingine yoyote. Mojawapo ni namba ya usalama ya mashine, iitwayo SID, na nyingine ni namba ambayo kompyuta hujitambulisha nayo kwa seva ya KMS. Diski inaporudufiwa jinsi ilivyo, namba hizo hurudufiwa pia, na kompyuta thelathini huwa na kitambulisho kimoja.

Matokeo yake huonekana waziwazi kwenye seva ya KMS. Tuseme fundi amemwaga sura moja kwenye kompyuta thelathini na kuziwasha zote asubuhi moja, akitarajia seva ihesabu thelathini na kuvuka kizingiti cha 25. Seva hupokea maombi thelathini, lakini kwa kuwa yote yana namba moja, huyahesabu kuwa ni ombi la kompyuta moja inayorudi tena na tena, hesabu husimama palepale kwenye 1, na hakuna kompyuta hata moja inayoamilishwa. Fundi asiyejua sababu hiyo huweza kuhangaika na nyaya, ruta na ukuta wa moto, ambao ni kinga ya mtandao, ilhali kosa lilifanyika kabla sura haijatengenezwa.

Kuhusu SID, mtaalamu wa Microsoft Mark Russinovich alieleza mwaka 2009 kwamba mashine kuwa na namba inayofanana na ya nyingine hakukuwa na madhara makubwa kama ilivyoaminika, na mafundi wengi walilichukua jambo hilo kuwa ruhusa ya kutojali. Hali hiyo imebadilika, kwa kuwa masasisho ya Windows 11 yaliyotoka kuanzia mwishoni mwa Agosti 2025 yaliongeza ukaguzi wa namba hizo, na kompyuta zilizorudufiwa bila maandalizi zilianza kukataliana zinapojaribu kufungua mafaili au printa za pamoja kwenye mtandao.

Dawa ya matatizo hayo yote ni moja, nayo imo ndani ya Windows yenyewe. Programu ndogo iitwayo Sysprep, inapoendeshwa kwa amri ya kuujumlisha mfumo, huvua kutoka katika diski kila kitambulisho cha kompyuta hiyo, huanzisha upya hesabu ya muda wa uamilishaji, kisha huizima mashine. Sura ikichukuliwa wakati huo, kila kompyuta itakayomwagiwa hujitengenezea namba zake mpya inapowashwa kwa mara ya kwanza. Sharti ni kwamba mashine ya mfano isiwashwe tena kabla sura haijachukuliwa, kwa kuwa ikiwashwa hujipa utambulisho upya na kazi hurudi mwanzo.

Ufunguo wenyewe nao una mahali pake pa kukaa. Microsoft imechapisha hadharani funguo za jumla zinazoielekeza kompyuta kutafuta seva ya KMS, na kwa kuwa funguo hizo si siri wala hazimpi mtu haki yoyote peke yake, hakuna hatari kuziacha ndani ya sura. Ufunguo wa MAK, kwa upande mwingine, haufai kuwekwa ndani ya sura inayosafiri kwenye flashi au diski ya nje kutoka ofisi moja hadi nyingine, kwa kuwa yeyote atakayeipata anaweza kuumaliza kwa mashine za watu wasiohusika. Ni salama zaidi kuuingiza baada ya kurudufu, kisha kuthibitisha kila kompyuta kwa amri ya slmgr, ambayo ikifuatwa na /dli huonyesha aina ya leseni na alama tano za mwisho za ufunguo, na ikifuatwa na /xpr hueleza kama uamilishaji ni wa kudumu au una tarehe ya kwisha.

Kreki na sheria

Mahali ambapo leseni huonekana kuwa ghali, kreki huwa jirani. Programu nyingi za kuvunja kufuli la Windows zinazosambazwa kwa flashi hujifanya kuwa seva ya KMS ndani ya kompyuta yenyewe na kuidanganya kwamba imeamilishwa na taasisi, na ili zifanye kazi humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi. Kompyuta ambayo imezimiwa kinga kwa hiari, kisha ikapewa programu ya mtu asiyejulikana yenye mamlaka yote ya msimamizi, haipaswi kuwa ndiyo inayofungua mfumo wa mapato ya wilaya au majalada ya wagonjwa. Ikirudufiwa, kila nakala huzaliwa na ugonjwa uleule.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa, na ndiyo iliyoanzisha COSOTA, chombo kinachosimamia haki hizo nchini. Kwa taasisi za umma ipo pia Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, iliyoipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kuratibu na kusimamia matumizi ya TEHAMA serikalini, pamoja na viwango vyake. Kwa hiyo suala la funguo si la fundi peke yake, bali linamhusu ofisa ununuzi, mhasibu, mkaguzi wa ndani na mkuu wa taasisi anayetia saini.

Mfumo usio na ufunguo

Kwa taasisi ambazo haziwezi kumudu leseni, au zilizopokea kompyuta za zamani ambazo Windows 11 huzikataa kwa kukosa kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ipo njia halali ya mifumo huria ya Linux, kama vile Ubuntu, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na kupewa jina lenye maana ya utu, neno ambalo wasemaji wa Kirundi, jirani wa karibu wa Kiha cha Kigoma, wanalo katika lugha yao. Afrika Mashariki ina historia yake katika uwanja huo, kwa kuwa mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uitwao Kilinux, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Mifumo hiyo haina ufunguo wa kununua wala idadi ya nakala, na kuirudufu kunaruhusiwa na leseni yake yenyewe.

Hata hivyo uhuru huo hauondoi haja ya maandalizi. Ubuntu nao hujitengenezea namba ya mashine katika faili la machine-id, na ikirudufiwa bila kufutwa, kompyuta mbili huweza kupewa anwani moja ya mtandao na kuanza kukatiana mawasiliano. Vilevile mifumo ya serikali iliyotajwa hapo juu hutumika kupitia kivinjari, lakini kabla ya ofisi nzima kuhamishwa ni busara kompyuta moja ijaribiwe kwanza pamoja na printa na skana zilizopo.

Rejista ya leseni

Kifaa muhimu kuliko vyote katika usimamizi wa funguo hakihitaji umeme, nacho ni rejista. Kila kompyuta inastahili kuwa na mstari wake unaoonyesha namba ya mali ya taasisi, namba ya kiwanda, toleo la Windows ililokuja nalo, aina ya leseni, alama tano za mwisho za ufunguo, tarehe ya kurudufiwa, na namba ya ankara iliyoilipia. Ufunguo mzima hauandikwi humo, bali hufungiwa kwenye kabati la masijala pamoja na mkataba, kwa kuwa fundi huhama, ofisa TEHAMA hupangiwa wilaya nyingine, na kumbukumbu iliyokuwa kichwani mwake au kwenye simu yake huondoka naye.

Taasisi ya Kibondo au Kasulu inayotarajia kupokea kompyuta mpya mwaka huu inashauriwa kuandaa rejista hiyo kabla ya kufungua boksi la kwanza, kusoma toleo lililoandikwa kwenye ankara, na kuuliza kama ina haki ya kurudufu. Kumwaga sura ya diski ni kazi ya alasiri moja, lakini stakabadhi isiyotunzwa siku ya ununuzi haipatikani tena siku ya ukaguzi.